Ngumi Ambayo Kipkurui Aliisikia

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, nimekosea. Mwaka huo ulikuwa wa kura, na televisheni ya hoteli ya Janefer ilijaa siasa tupu. Basi ilikuwa ishirini na tatu, Jumapili, watu wametoka kanisani. Mimi nilikuwa nimetoka Fort Ternan kwa miguu, nikilala kwa watu njiani, nikafika Chepilat kumwona Kipkurui tena.

Kipkurui ni kipofu. Macho yalimwacha polepole, lakini chai iliyo nyuma ya nyumba yake bado anaichuma mwenyewe. Nimewahi kukaa kando asubuhi nzima nikimtazama. Vidole vinatembea juu ya mche, vinaruka jani gumu, vinachukua majani mawili na kichipukizi, vinatupa kikapuni mgongoni. Karani wa kituo cha kupimia aliniambia hajawahi kumrudishia hata jani moja. Sisi wenye macho hurudishiwa.

Zamani mikono hiyo ilikuwa ya ngumi. Mwaka wa themanini na moja, kwenye fainali ya mashamba ya chai, alipambana na Nyabuto, kijana Mkisii wa shamba la jirani. Raundi ya tatu Kipkurui akaanguka. Nyabuto akabeba kikombe, lakini watu wakasema Kipkurui alijilaza makusudi. Tangu hapo Nyabuto hajawahi kujua kama alishinda ama aliachiwa. Wamezeeka marafiki, benchi moja, chai moja, na jambo hilo hawakulitaja.

Jumapili hiyo Janefer aliweka filamu ya zamani ya Amerika, ile isiyo na rangi. Bondia mmoja, amechoka, mke wake anamsubiri nyumbani. Raundi ya nane anaanguka. Lakini ngumi yenyewe huioni! Picha inageukia mtu mnene kwenye viti, kofia inamtoka mkononi. Unasikia tu mlio. Picha ikirudi, bondia yuko chini.

Hoteli ikawaka kwa ubishi.

"Huyo amejilaza!" akasema Mongina, muuza ndizi. "Mtu akipigwa anaanguka kama gunia. Huyu ameanguka kama mgeni anakaribishwa kiti."

"Mama, wewe ulipigana wapi?" akauliza Kimeli, dereva wa gari la maziwa.

"Nimelea vijana sita. Unataka nikuonyeshe?"

Tukacheka. Kisha Nyabuto akasema kwa sauti ndogo, "Muulizeni Kipkurui. Yeye husikia."

Kila mtu pale alijua Nyabuto anauliza nini.

"Rudisha," Kipkurui akamwambia Janefer. Lakini mvua ya mchana ilikuwa imeshuka juu ya mabati, hata mtu wa karibu humsikii. Tukangoja. Hakuna aliyeagiza kitu, hakuna aliyetoka. Mvua ilipokatika, Janefer akarudisha.

Kipkurui akasimama, akanipa fimbo yake. Akainua ngumi. Ndugu zangu, mzee wa miaka sitini na sita, amevaa gambuti, na miguu ikaanza kutembea kwenye sementi, nyepesi kama ya paka. Alikuwa anafuata nyayo za yule bondia kwa masikio. Janefer akairudisha tena, na tena. Mara ya tatu, kabla ya mlio, mguu wake wa kushoto ukasimama.

"Hiyo ngumi ni ya kweli," akasema. "Imetoka kiunoni."

"Mzee, hizo sauti hutengenezwa," akasema Kimeli. "Wanapiga nyama tu."

"Basi hiyo nyama imepigwa na mtu anayejua ngumi."

Mongina hakucheka. "Na aliyeanguka?"

"Aliijua inakuja. Mguu wake ulisimama kwanza."

"Kwa hivyo alijilaza!"

"Mama, kusimama si kujilaza. Ngumi ilifika. Aliyepiga, amepiga." Akageuza uso mpaka ukaelekea pale Nyabuto alipokaa, sijui alijuaje. "Kikombe ni chake. Hakuna mtu alimpa."

Nyabuto akavua kofia, akafunika uso nayo.

"Miaka arobaini na mbili, boiyot," akasema ndani ya kofia. Ndivyo Wakipsigis humwita mzee, na yeye alimwita hivyo siku zote.

"Ungeniuliza, omogaka," Kipkurui akamjibu kwa Kikisii, maana ni mzee vilevile.

"Niliogopa."

Janefer akazima televisheni. Mwisho wa filamu hatukuuona, na hakuna aliyeuliza.

Jioni nilimsindikiza Kipkurui, ingawa kweli ni yeye aliyenisindikiza mimi, maana njia ilikuwa ya utelezi na yeye anaijua. Nilimuuliza jambo moja. Akanyoosha mkono, akachuma kichipukizi, akaniwekea kiganjani, akaendelea kutembea. Mwaka uliofuata nilimuuliza Nyabuto, naye akaniambia chai yangu inapoa. Nimepita huko mara nyingi tangu hapo, na bado ninaliuliza: siku ile ya themanini na moja, kama aliijua ngumi inakuja, mguu wa Kipkurui ulisimama kwa nini?