Msafara wa Posa Uliokataa Kugeuka

Nilitoka Mogogosiek kwa sababu moja tu: nilitaka kumuoa Chebet. Baba yake, mzee Koech wa Siongiroi, alikuwa amesema nilete watu wangu Jumamosi kabla ya saa sita, kwa maana baada ya hapo anaenda mnadani na ng'ombe wake. "Nikienda bila kuwaona, hayo maneno yameisha," aliniambia kwa simu, akakata. Sisi ni Wakisii tuliozaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa chai, na mzee, ambaye si wa kabila letu, tayari alikuwa na shaka nasi. Sikutaka kumwongezea nyingine.

Baba yangu alishafariki, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo Ombati, mwenye gari na mwenye kujua kila kitu. Dada yake, shangazi Nyaboke, alikuja kushuhudia.

Asubuhi, kabla ya kuwasha gari, baba mdogo aliomba sala ndefu, kisha akatukumbusha ada ya ukoo wetu. Watu wanaokwenda kuposa hawageuki. Ukisahau kitu nyumbani, kimebaki. "Ukigeuka njiani," alisema, "bibi naye siku moja atageuka arudi kwao." Shangazi akaitikia amina. Mimi nilikuwa nikiangalia dashibodi. Hakuna taa hata moja iliyowaka alipozungusha ufunguo, na sindano ya mafuta ilikuwa katikati kabisa.

"Baba mdogo, hii sindano inafanya kazi?"

"Tangu Jumanne iko nusu," akasema kwa fahari. "Nimeenda Kericho mara mbili, bado nusu. Hii gari haina njaa kama za watu wengine."

Indiketa nazo zilikuwa zimekufa, kwa hiyo shangazi alikaa nyuma na kitambaa cheupe, kazi yake ikiwa kutoa mkono dirishani kila tulipokata kona. Aliifanya kwa moyo wote. Hata pale ambapo hapakuwa na kona alitoa mkono, akawa anapungia watu.

Tulipopita Litein nilimwomba baba mdogo tuingie pampu tuongeze mafuta kidogo. "Tuongeze juu ya nusu?" akashangaa. Tukapita. Tulipoanza kupanda kilima baada ya mji, gari likakohoa, likatetemeka, likazima. Mashamba ya chai pande zote, na nyuma yetu, chini kabisa ya kilima, paa la pampu tuliyoikataa likionekana vizuri kabisa.

"Tusukume turudi," nikasema.

"Turudi wapi?" Baba mdogo alinitazama kama niliyetukana kanisani. "Mogaka, unataka kuoa ama hutaki?"

Nilimwita mtu wa bodaboda. Alishuka na chupa ya soda, akapanda na chupa tupu: pampu wamekataa kujaza chupa, wanataka gari lenyewe. Saa zilikuwa zinakwenda. Nilijiona nikizeeka bila mke katikati ya chai, nikaanza kupiga kelele. Hapo ndipo baba mdogo akafikiri, akatoa hukumu. Kugeuka ni kugeuza uso. Gari likirudi kinyumenyume, uso wake bado uko Siongiroi. Kwa hiyo halijageuka.

Sawa. Gari likaondolewa gia. Lakini nilipoweka mikono kwenye boneti nisukume, akapiga yowe tena, kwa sababu sasa uso wangu mimi ndio uliokuwa ukitazama nyumbani. Basi mimi na shangazi tukaliegemea boneti kwa migongo, nyuso zetu zikitazama Siongiroi, tukasukuma gari kwa makalio. Baba mdogo aliketi kwenye usukani, na kwa kuwa alikataa kutazama nyuma, mtu wa bodaboda alitembea kando akimwambia kulia, kushoto, ngoja ng'ombe apite. Gari lilikuwa zito ajabu, hata kwenye mteremko. Wachuma chai waliacha kazi. Mama mmoja alikalia kikapu chake ili acheke vizuri.

Pampu walitujazia mafuta. Baba mdogo akawasha, akanionyesha dashibodi. "Si unaona? Nusu."

"Baba mdogo! Mafuta ilikuwa imeisha ikasema nusu. Sasa imejaa, bado inasema nusu. Hii kitu imekufa!"

Nilimwona akilifikiria jambo hilo, likimuuma. Alizima gari, nami nikafungua kifuniko cha fyuzi chini ya usukani. Mchoro ulikuwa upande wa ndani. Fyuzi ya sindano na taa ilikuwa moja na ya indiketa, nyekundu, yenye namba kumi, na kiwaya chake kimekatika katikati. Baba mdogo akatoa karatasi ya chingamu yenye rangi ya fedha. "Funga na hii, twende."

"Hapana! Fyuzi huungua ndio waya zisiungue. Ukiweka hiyo, tutafika Siongiroi tukiwa moshi." Kwenye kifuniko palikuwa na fyuzi ya akiba, nyekundu vilevile, namba ileile. Nikaichomeka, nikazungusha ufunguo.

Dashibodi yote ikawaka. Nyekundu, njano, kijani, na indiketa ya kushoto ikaanza kulia tiki-tiki, maana ilikuwa imewashwa tangu Jumanne. Baba mdogo aliruka nje. "Umeharibu gari!" Nikamweleza kwamba hizo taa zinajionyesha kwanza, halafu injini ikiwaka zinazima zenyewe. Injini ikawaka, zikazima, isipokuwa moja nyekundu yenye alama ya mshangao. Niliishika breki ya mkono. Ilikuwa imevutwa nusu. Shangazi, mgongo ukimuuma, alinyoosha mkono katikati ya viti, akaishusha mwenyewe.

Siongiroi tulifika saa sita ikigonga. Mzee Koech alikuwa langoni, kofia kichwani, fimbo mkononi, ng'ombe wameshatangulia. Mtu wa bodaboda alikuwa ametuma video mtandaoni, nayo ilikuwa imefika kabla yetu.

"Ni nyinyi mlisukuma gari na makalio?"

Baba mdogo alieleza ada yetu kwa urefu na heshima. Mzee hakuweka fimbo chini. Akamwita Chebet aseme mbele ya wote kama anatujua.

"Nawajua," Chebet akasema. "Lakini niko na swali. Nikiwa kwenu, tushike njia mbaya, na sote tuone ni mbaya. Mtageuka, ama mimi pia nitasukuma na makalio?"

"Binti, ada ni ada," baba mdogo akaanza. Mzee akapiga hatua kuelekea barabarani. Kumkatiza msemaji wako ni aibu kubwa, lakini mdomo ulifunguka wenyewe.

"Nitageuka," nikasema. "Palepale. Hata kama mimi ndiye niliyepotea."

Mzee alinitazama, kisha akavua kofia. "Huyu ameongea. Leteni mursik." Tulikunywa maziwa yale ya kibuyu, na ng'ombe wakaenda mnadani na mtu mwingine.

Jioni tulianza kurudi, mimi mbele na furaha yangu, baba mdogo akiwa amenuna kwa kuwa nilimkatiza. Karibu na Sotik simu yangu ikalia. Alikuwa Chebet.

"Shangazi yenu yuko jikoni kwetu, bado anakula. Mmemwacha makusudi?"

Tuligeuka kwa pamoja tukatazama kiti cha nyuma. Kitupu. Baba mdogo aliendesha kidogo, polepole, akitafuta hukumu nyingine. Hakuipata. Akawasha indiketa, akazungusha usukani wote.

Nimejifunza kuangalia taa za gari kabla ya kuondoka, kutoamini sindano isiyosogea, na kuhesabu watu. Mengine alijifunza baba mdogo, ingawa mpaka leo anasema ule haukuwa msafara wa posa tena, kwani tulikuwa tumeshakubaliwa.