Sekunde Mbili Nilizozifuta

Mimi ni mtu wa haraka, na sioni haja ya kulificha hilo. Chai nainywa ikiwa bado inaunguza, na mtu akianza kunisimulia jambo, mimi huwa nimeshafika mwisho wake nikimngoja huko. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla ya gari kufika hospitali na tangu siku hiyo sijapoa. Baba hakuwahi kulalamika. Mimi ni binti wake wa kwanza, nimepewa jina la mama yake kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo huniita maitu, yaani mama yangu, na mama wa mtu hagombezwi ovyo.

Nayasema haya mapema ili ujue ni nani aliyefanya kosa nitakalolisimulia.

Nilirudi nyumbani Mweiga baba alipopata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukafuata, lakini kilichotuumiza zaidi ni maneno. Akili ilikuwa timamu kabisa, ungeiona machoni mwake. Alikuwa akifungua mdomo, kisha kimya, kisha kimya tena, na maneno yakija yanakuja moja moja, kama ng'ombe wanaopita kwenye lango jembamba.

Na huyu alikuwa mtu aliyekula jasho lake kwa maneno. Miaka mingi alikaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu pale kituo cha simu, enzi zile simu ilipitia kwa mtu kwanza, akichomeka waya huku na kuchomoa kule ili watu wazungumze. Huku kwetu simu ilikuwa moja tu, dukani. Mtu akipiga kutoka Nairobi akimtaka mama yake, mwenye duka alimtuma mtu mbio hadi shambani, mama aache viazi, anawe mikono, apande kilima. Bosi wa baba alitaka laini ikatwe, wengine waitumie. Baba alikuwa mkaidi. Alimwambia yule wa Nairobi kwa sauti ya chini, ya polepole, ambayo mimi na dada yangu tuliiga tukiwa wadogo, tumeshika vijiko masikioni: "Usikate. Anakuja." Aligombezwa mara nyingi kwa ajili ya maneno hayo mawili, na hakuyaacha hadi alipostaafu.

Kazi yangu pia ni ya kuunganisha watu, ila mimi sisikii sauti ya mtu. Nashughulika na kerneli, ile programu ya ndani kabisa ya kompyuta, inayozungumza na vyuma vyenyewe. Sehemu yangu ni mtandao: kadi inayochomekwa waya inaamshwaje, inaulizwaje kama waya upo, data ikifika inapita wapi. Msimbo wake, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta, umeandikwa na watu wa nchi nyingi kwa miaka mingi, na umerundikana. Mimi huupanga upya bila kubadilisha unachofanya. Natoa marudio, nagawanya faili ndefu, nafagia. Nikifanya vizuri, anayetumia kompyuta hajui hata kwamba nilipita. Jaribu kumweleza shangazi yako hilo kwenye harusi, akikuuliza siku hizi unafanya nini.

Msimu huo nilikuta familia saba za kadi, kila moja na nakala yake ya hatua zilezile: amsha kadi, iulize kama waya upo, ukipata jibu endelea. Saba! Nilitamani kumpata mtu wa kumfokea. Nikaziunganisha zikawa moja, fupi, safi, nikajipongeza. Nakala moja tu ndiyo iliyokuwa na mstari wa ziada. Huo ulisema, ukishaamsha kadi, ngoja sekunde mbili, ndipo uulize. Kando yake hakukuwa na maelezo yoyote. Sekunde mbili kwa kompyuta ni muda wa kulima na kuvuna. Nikaufuta.

Kuna mzee mmoja anayekagua kazi zetu kabla hazijaingia. Sijawahi kumwona, namjua kwa barua pepe zake kavu tu. Aliniuliza, "Hiyo ngoja ilikuwa ya nini?" Nikamjibu papo hapo: "Sioni sababu yoyote." Akapitisha. Na sikumdanganya, kweli sikuwa nimeona, kwa kuwa sikuwa nimetafuta.

Wakati huohuo nyumbani kulikuwa na shauri lingine. Dada yangu mdogo anaishi Nairobi, na karibu na kwake kuna kliniki inayowafundisha wagonjwa wa kiharusi kuzungumza. Alipendekeza baba ahamie kwake, nyumba ya Mweiga ifungwe, ng'ombe apewe jirani. Dada yangu hana ubaya, siku nyingine nadhani anampenda baba kunishinda. "Lakini muulize yeye kwanza," akaniambia. "Asije akasema tulimbeba kama gunia."

Nikamuuliza. Ilikuwa asubuhi, baba amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, koti juu ya sweta, kofia hadi masikioni kwa sababu ya ile baridi inayoshuka kutoka milima ya Aberdare. Mimi nilikuwa mezani, kompyuta iko wazi, na mkutano wangu ulikuwa unaanza baada ya dakika nne.

"Baba, utaenda kukaa Nairobi?"

Akafungua mdomo. Mtaalamu wa hospitali ya Nyeri alikuwa ametufundisha: mkimuuliza kitu, hesabuni polepole hadi kumi kabla ya kumsaidia. Nilihesabu, naam, lakini nilihesabu kama mtu anayefukuzwa na mbwa. "Huko kuna joto," nikasema. "Na kliniki iko karibu. Si ni sawa, baba? Ni sawa, ama?"

Aliniangalia mimi. Akaangalia kompyuta. Kisha akatikisa kichwa kukubali. "Amekubali," nikamwandikia dada, nikaingia mkutanoni.

Tukapanga Jumamosi. Majirani wakaanza kuja kumuaga, wakimletea ndizi na maparachichi, na yeye akiwashika mikono muda mrefu. Nilidhani ni ugonjwa unaomfanya asiachie.

Alhamisi ya wiki hiyo nikapata barua pepe kutoka kwa mwalimu wa shule moja ya milimani, nchi ya mbali sana na hapa. Shule yake ilikuwa na kompyuta kuukuu za kupewa. Aliandika kwamba tangu wapate toleo jipya la mfumo, lile lenye msimbo wangu, kompyuta zinasema hazina waya wa mtandao. "Waya upo," aliandika. "Nimeushika mkononi."

"Ati nini?" nikasema kwa sauti. "Kadi za enzi gani hizo? Si watupe!" Baba, pale dirishani, akainua nyusi. Akanifanya nione haya kidogo, nikaanza kutafuta.

Kwetu kila mstari una historia yake. Ukitaka, unaweza kurudi nyuma ukaona ni nani aliyeuweka na kwa nini. Nilirudi miaka mingi hadi nikampata mtu nisiyemjua, ambaye huenda alishaacha kazi hii zamani. Alikuwa ameandika hivi: *Baadhi ya kadi hizi huchelewa kuamka. Ukiziuliza mapema zinajibu kwamba hakuna waya, nasi hatuziulizi tena. Zipe muda.*

Sababu ilikuwepo siku zote, hatua chache tu kutoka nilipokuwa nimekaa.

Sasa nilihitaji kadi ya familia hiyo ili nijaribu, na nilijua ilipo. Kompyuta tuliyomnunulia baba alipostaafu bado ilikuwa hapo sebuleni, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama, juu yake picha ya harusi yao. Nikaondoa picha, nikakunja kitambaa, nikaivuta mashine hadi karibu na kiti cha baba, kwa sababu hapo ndipo waya ulipofika. Nikaweka msimbo wangu, ule safi, wa kujipongeza. Nikawasha.

*Hakuna waya,* ikasema skrini.

Nikasonya. Waya niliuchomeka mwenyewe. Wakati bado naitolea macho skrini, baba akainama, akanyoosha mkono wa kushoto, akaelekeza kidole nyuma ya mashine. Pale waya unapoingia, taa ndogo ya kijani ilikuwa ndiyo kwanza inawaka. Kadi ilikuwa imeamka. Ilikuwa tayari kabisa kujibu, na hakuna aliyekuwa akiiuliza. Baba akaangalia taa, akaangalia skrini iliyokwisha kusema hakuna, akaniangalia mimi, akacheka. Mdomo ulipanda upande mmoja tu, lakini kilikuwa kicheko chake hasa, cha kituoni. Sikuwa nimekisikia tangu augue.

Nikaanza kucheka naye, kisha kicheko kikanikauka. Nilikumbuka vile alivyoangalia kompyuta asubuhi ile kabla ya kutikisa kichwa. Niliona aibu, aibu ya kuchoma masikio. Nilikuwa nimemkatia baba yangu mwenyewe laini, mimi niliyelelewa na mtu yule.

Nikaurudisha mstari. Sekunde mbili. Juu yake nikaandika maelezo marefu kuliko mstari wenyewe, ili mtu mwingine wa haraka asije akaufuta. Nikawasha tena, tukakaa tukiikodolea macho taa, baba na mimi, na ilipowaka skrini ikasema waya upo. Baba akapiga paja lake kofi moja la furaha.

Nikafunga kompyuta yangu ya kazi. Nikavuta kigoda, nikakaa chini ya kiti chake, magoti yangu karibu na yake.

"Baba," nikasema, "lile swali la Nairobi nilikuuliza vibaya. Nitakuuliza tena."

Kabla sijauliza, simu ikalia. Dada.

"Jumamosi nafika saa nne," akasema. "Umepanga nguo zake? Usisahau zile soksi nzito."

"Ngoja kidogo. Nataka baba aseme mwenyewe."

"Aseme nini? Si alikubali?"

"Ni mimi nilikubali. Yeye alitikisa kichwa tu."

Nikaweka simu kwenye spika, nikailaza mapajani mwa baba. "Baba, unataka kwenda Nairobi?" Nikafunga mdomo.

Akafungua wake. Kimya. Ng'ombe akalia zizini. Maji yalikuwa yakichemka jikoni, nikayaacha yachemke. Nilimwona akitafuta, midomo ikigusana na kuachana, na ulimi wangu ukaniwasha kweli kweli. Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. Nikauma shavu.

"Hallo?" dada akasema. "Hallo? Network imepotea?"

Nikaendelea kumtazama baba.

"Nili... kubali," baba akasema. Akavuta pumzi. Tukangoja. "Sababu..." Tukangoja zaidi. "Mmechoka... na mimi."

Sijui kama kuna jambo lililowahi kuniuma hivyo. Nilitaka kupiga kelele kwamba sijachoka, kwamba hata siku moja sijachoka naye, lakini macho yake yalikuwa bado yanafanya kazi, hajamaliza, nikashika ukingo wa kigoda.

"Sitaki," akasema. "Sitaki... kutoka... hapa."

"Baba, sijachoka na wewe," nikasema. "Ni haraka zangu tu. Unajua vile niko. Sijachoka." Akaweka mkono wake mzuri juu ya kichwa changu, juu ya kilemba, kama mtu anayejua vile niko tangu nizaliwe kwenye gari.

Kwenye simu hakukuwa na kitu. Hata pumzi haikusikika. Kimya kile kikarefuka hadi nikaanza kuogopa. Nikamfikiria dada yangu huko alipo, ameshika simu, amesikia alichosikia, naye ndiye aliyeandaa chumba, ameshanunua godoro jipya na mashuka. Nikaona nimsaidie. Nikaona niseme kwa niaba yake kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba yeye pia hajachoka, kwamba analia. Nikanyoosha mkono niichukue simu.

Baba akanishika kifundo cha mkono. Na ile sauti ikatoka, ya chini, ya polepole, ile ya vijiko masikioni, nzima kabisa, bila ufa hata mmoja.

"Usikate," akasema. "Anakuja."

Nikaachia. Tukangoja pamoja tukiwa tumeinamia simu, hadi dada yangu akafika kwenye laini, sauti yake imejaa kamasi.

"Jumamosi bado nakuja, baba," akasema. "Lakini nakuja tu kukula."