Beberu Aliyerudishwa Sokoni

Kerrow ni mtoto wa ami yangu na tumelelewa pamoja, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Anayetaka kusikia sifa zake aende soko la mifugo la Garissa siku ya Jumatano awaulize madalali. Watamwambia kwamba kutoka hapa mpaka Mandera hakuna anayemjua beberu kama Kerrow, na hawatakuwa wamedanganya.

Mimi, Isnino, huuza maziwa ya ngamia kando ya soko hilo, na nimemwona kazini kwa miaka mingi. Akiletewa beberu wa mbegu, hamtazami pembe wala rangi. Huchuchumaa nyuma yake, akapitisha mkono katikati ya miguu, akazipima korodani moja baada ya nyingine, macho ameyafumba nusu. Anataka ziwe sawa kwa ukubwa, zimejaa, na ziteleze ndani ya mfuko wake bila kukwama. Kisha humuuliza mwenye mnyama swali moja: majike aliopewa huyu, wamezaa? Akijibiwa kwa maneno mengi, huinuka akaenda zake.

Alizaliwa Diff, mpakani. Alipokuwa kijana wa kuanza kuota ndevu alishikwa na matumbwitumbwi, mashavu yakavimba, na baada ya siku chache uvimbe ukateremka chini. Alilala kwenye mkeka miguu imepanuliwa, akikataa hata shuka imguse. Bibi yetu alimpaka majivu na mafuta, homa ikapoa, akaamka. Tulimcheka kwa jinsi alivyokuwa akitembea, naye akacheka, na habari ile ikasahauliwa.

Mke wake wa kwanza aliitwa Roda. Ndoa yao ilikaa miaka saba bila mimba, na katika miaka hiyo saba hakuna aliyemuuliza Kerrow hata neno. Aliulizwa Roda. Roda alinyweshwa mizizi, Roda alisomewa, na mwisho mama yake Kerrow, mumewe, yaani ami yangu, akiwa hayupo tena duniani wakati huo, alimleta mwanamke wa kuchoma. Hii ni dawa ya kwetu ya zamani: chuma au kijiti huwekwa motoni mpaka kiwe chekundu, kikabandikwa pale ugonjwa unapodhaniwa kukaa. Roda alichomwa chini ya kitovu, alama nne. Mimi ndiye niliyemshika mikono. Mimba haikuja, akapewa talaka, akarudi kwa jamaa zake Elwak.

Kabla mwaka wa ndoa yake ya pili haujaisha, Roda alizaa mvulana huko Elwak. Akazaa tena. Habari zilipofika Garissa tukasema Mungu amemfungulia, tukaendelea kunywa chai. Nyani haoni kundule, na sisi tulikuwa ukoo mzima.

Kerrow akamwoa Nurto. Huyu alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, Filsan, na ulimi wake ulikuwa mwepesi wa utani. Alikuja kunisaidia kuuza maziwa, na wateja wakawa wanakuja kwa ajili ya maneno yake. Alimpenda Kerrow waziwazi, jambo ambalo kwetu watu huliona aibu kidogo. Naye Kerrow alikuwa mtu wa kupendwa: mifuko yake haikosi tende za watoto wa jirani, na Filsan alimzoea akamwita aabo, yaani baba. Lakini miaka minne ilipita, tumbo la Nurto likabaki lilivyokuwa. Mama yake Kerrow akaanza kumtaja tena yule mwanamke wa kuchoma.

Sasa nije kwa beberu. Kerrow alikuwa amemnunua dume mmoja mzuri wa kutazama kutoka kwa Abdimalik, mfugaji wa upande wa Balambala. Siku hiyo alikuwa na haraka, akamwamini mwenziwe, hakumpima kwa mkono. Mvua zikanyesha, beberu akaachiwa majike, msimu ukapita, na hakuna mbuzi hata mmoja aliyeshika mimba. Kerrow alimrudisha sokoni kwa kamba, akataka mashauri. Wazee wakakaa kwenye banda la mabati karibu na kituo changu cha maziwa, na aliyeongoza alikuwa Mzee Shueb, ami yetu sote wawili, adeer kwa lugha ya kwetu. Abdimalik hakupinga, kwa sababu Shueb hajawahi kumpendelea mtu katika kesi ya mnyama.

"Majike uliompa wamewahi kuzaa?" Shueb akauliza.

"Wote, adeer. Kwa madume mengine wamezaa."

"Lakini beberu wangu anapanda," Abdimalik akasema. "Mchungaji wako mwenyewe amemwona. Kila siku anapanda. Ana ubaya gani?"

Kerrow akachuchumaa, akashika. "Kupanda si kuzalisha," akasema. "Njoo ushike mwenyewe. Zimenywea. Mnyama huyu ana nguvu, lakini hana mbegu."

Abdimalik akashika, akaachia, akainuka. Mzee Shueb akatoa hukumu bila kusitasita: jike aliyewahi kuzaa kwa dume mwingine hana kosa, kasoro ni ya beberu, arudishwe kwa mwenyewe. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nurto alikuwa amesimama karibu nami, ameshika dumu la maziwa, na utani wote ulikuwa umemtoka usoni. Alimtazama mumewe. Kerrow aliinua macho, yakakutana na yake, akageuka kuifungua kamba ya beberu ambayo haikuwa imefungwa.

Jioni ile Nurto alimwambia, na ni yeye mwenyewe aliyenisimulia: "Roda amezaa Elwak. Mimi nilizaa kabla yako. Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya, sitakufundisha. Ila kabla hawajanichoma tumbo, twende hospitali."

Kerrow alikasirika, akasusa chakula, akalala nje na mbuzi. Lakini alikwenda. Na aliweka sharti moja, kwamba chochote kitakachosemwa huko kisipite mdomoni mwa Nurto mbele ya wazee. Nurto akaapa.

Daktari alikuwa kijana wa kutoka bara, mtu mpole. Nurto alipimwa kwanza: mayai yake yalikuwa yakipevuka kila mwezi, mirija ilikuwa wazi, mji wa mimba ulikuwa mzima. Kisha Kerrow akapewa kikopo cha kutilia manii, akaona haya ya kufa mtu, akafanya alivyoambiwa. Majibu yalipotoka daktari alipima kwa mkono pia, vilevile kama yeye anavyowapima mabeberu, halafu akachana ubavu wa boksi la glavu akachora.

Kiswahili cha Kerrow ni cha sokoni, na p kwake hugeuka b. "Daktari, sema bolebole," akasema. "Mimi nguvu iko. Mke yangu huyu haba, uliza yeye."

"Nguvu unayo, sijasema huna," daktari akajibu. Akamwonyesha kwenye mchoro. Korodani zina kazi mbili, akasema. Moja ni kutoa ile nguvu inayoleta ndevu, sauti nzito na hamu ya mke. Nyingine ni kutengeneza mbegu, na kwa sababu mbegu haipendi joto, Mungu amezitundika nje ya mwili zipate kupoa. Mbegu zikiiva hupita kwenye mrija mwembamba kwenda juu, zikachanganyika na maji ya tezi zilizo ndani. Kinachomtoka mwanamume karibu chote ni maji hayo, ndiyo sababu anaweza kuishi maisha yake yote asijue kwamba ndani yake hamna mbegu hata moja. Kisha akauliza kama utotoni au ujanani alipata kuvimba mashavu.

Kerrow aliutazama mchoro. Nurto ndiye aliyejibu, kwa kuwa kisa cha Diff nilikuwa nimemsimulia mimi siku moja tukicheka.

"Ugonjwa ule uliua sehemu ya mbegu, ukaiacha sehemu ya nguvu," daktari akasema.

"Dawa iko?"

"Kwa hali niliyoiona, hapana. Nasikitika."

Walirudi nyumbani. Nurto akamwambia kwamba hatakwenda popote, kwamba Filsan anamwita baba, na nyumba yenye mtoto mmoja ni nyumba. Nadhani alimshika mkono. Nadhani pia kwamba kama siku zile wangeachwa peke yao, wangepona.

Lakini wiki hiyohiyo Filsan alikuja mbio kutoka madrasa. Kwetu mtoto hufundishwa kuwataja baba zake kwa mpangilio, baba, babu, baba wa babu, mpaka mwanzo wa ukoo, na Filsan alikuwa ameiweza nasaba yake. Akasimama mbele ya Kerrow, mikono kifuani, akataja: Filsan, Mustaf, Ayanle, akaendelea hivyo mpaka mwisho bila kukosea. Mustaf ni yule marehemu, mume wa kwanza wa Nurto. Ndivyo inavyopaswa, damu haibadilishwi, na mtoto hakuwa na kosa. Kerrow alisikiliza majina yote. Alikuwa akijitafuta humo, na mjinga gani asiyejua kwamba hakuwamo? Akampa tende, akamsifu, akatoka. Toka siku hiyo aliacha kula na Nurto sahani moja.

Ijumaa moja wazee wa ukoo walikuja nyumbani kwake, Mzee Shueb mbele. Mimi na Nurto tulikuwa nyuma ya pazia na chupa ya chai. Shueb alisema wamepata msichana Diff, anaitwa Naimo, wa jamaa nzuri. Alisema Nurto ni mwanamke mwema, lakini amepewa muda wa kutosha na hakuna asiyeona. Huyo ni mzee yuleyule wa banda la mabati. Methali inasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nguruwe sijapata kumwona, lakini mbuzi nimemwona, na kumbe haki yake ilikuwa kubwa kuliko ya Nurto.

"Atasema," Nurto akaninong'oneza. Alikuwa amekishika kifuniko cha chupa kwa mikono miwili. "Neno moja tu. Ninamjua. Atasema."

Kisha tukaisikia sauti ya Kerrow, ya chini, ya mtu anayeongea na mkeka: "Kama mlivyoona, adeer."

Nurto aliweka kifuniko mahali pake, akanipa chupa nikapeleke chai. Niliwamiminia wote, nimejaa hasira mpaka chai inamwagika kwenye sahani, na hakuna aliyeniuliza kisa. Nilipomsihi Nurto aseme ukweli mwenyewe, alikataa. Alikuwa ameapa, akasema, na akivunja kiapo atakuwa mwanamke aliyemvua mumewe nguo sokoni. Talaka ilitoka baada ya siku chache. Filsan aliondoka akiuliza aabo atakuja lini.

Mimi sikuapa kwa mtu. Jumatano iliyofuata nilimfuata Kerrow kwenye mbuzi wake nikamwambia usoni: "Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha wa kwako kwa ngozi za wanawake wawili. Beberu wa Abdimalik ulimrudisha. Wewe nani atakurudisha?"

Nilitaka akasirike. Aliendelea kumpapasa mbuzi shingoni.

"Nilimuuliza Abdimalik habari za yule beberu," akasema. "Nilikwenda kwake siku ile tuliyotoka hospitali. Alimchinja wiki ileile aliyorudishiwa, Isnino. Akaniambia, asiyezalisha nimfuge wa nini."

Halafu akalia, Kerrow, katikati ya soko, amejificha nyuma ya mbuzi wake. Nilimwonea huruma na nikamchukia, vyote kwa pamoja, na sikujua lipi la kufanya. Nilirudi kwenye maziwa yangu.

Naimo aliolewa. Ni mtoto mtaratibu, ananiita edo, yaani shangazi, kwa heshima. Mwaka mmoja ukapita, na wa pili ukaanza. Nilijiambia kwamba huyu sitamwacha gizani, na juzi alipokuja kuchukua maziwa nikamvuta ndani nikafunga mlango wa mabati. Nikamwambia yote: matumbwitumbwi ya Diff, Roda, hospitali, mchoro wa daktari. Nilizungumza haraka, nikihofu atazimia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa amekaa, na ndipo nikaona kwamba tangu aingie alikuwa amesimama ameinama kidogo, mkono mmoja chini ya kitovu.

"Najua, edo," akasema. "Aliniambia mwenyewe, akilia. Mama yangu pia anajua. Lakini nikimtaja mume wangu nitarudishwa Diff, na wa Diff wataniuliza nilikuwa nikiyasema ya chumbani kwa nini. Hizi alama hakuna anayeziona."

"Walikuchoma lini?"

"Jana." Akautazama mlango, kisha akayatazama madumu yangu. "Nimesikia unauza na samli. Nipe kidogo nipake, usimwambie mtu."

Nikampa samli. Alipoinua nguo nikazihesabu, zilikuwa nne, mahali palepale.