Mama Niliyemzika kwa Kalamu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila kijana anaponiletea karatasi za kuomba msaada wa kuandika kitabu. Ni siku niliyomwona mama yangu ameinama kwenye mchanga wa Ubwari akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani, nami nikaogopa kama mtu aliyeona mzimu. Mama hakuwa mzimu, alikuwa mzima kuliko mimi. Ila miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimemwua kwa kalamu, na mgeni niliyeketi naye ndani ya mtumbwi alikuwa amekuja kuliona kaburi lake.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nyinyi vijana mzee akirukaruka mnadhani akili imeshamtoka.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Fizi, milimani, kijana mwenye nywele nyingi na majivuno kuzidi nywele. Nilikuwa naandika hadithi, na hakuna aliyekuwa akizisoma zaidi ya mke wangu, naye alikuwa akisinzia. Ndipo rafiki yangu wa mji wa Baraka akanionyesha kwenye kompyuta tangazo la mfuko mmoja wa ng'ambo. Walikuwa tayari kuwagharamia waandishi wawili kutoka nchi mbili, wa sehemu ambazo sauti zake hazifiki mbali, waandike kitabu kimoja kwa pamoja. Kila mmoja atume barua aseme yeye ni nani na hadithi zake amezitoa wapi. Barua hizo waandishi wangesomeana, kisha kila mtu amtafute mwenzake.

Hadithi zangu zote nilizitoa kwa mama. Alinisimulia kwa Kibembe tangu nikiwa mgongoni mwake, na mpaka leo nikiandika neno nalisikia kwanza kwa sauti yake. Lakini nikajiuliza, mama mzima, ana meno yake yote, anakausha samaki na kugombana na majirani, atamtoa nani machozi huko mbali? Basi nikaandika kwamba vita vilimchukua, na kwamba mimi ndiye niliyebaki na sauti yake. Niliandika vizuri, Mungu anisamehe, hata nikalia mwenyewe. Nilijua kwamba kijijini kwetu Ubwari, ng'ambo ya ghuba, hafiki mtu ila kwa mtumbwi, na nani wa mfuko angepanda mtumbwi kwa ajili yangu? Wazee walikwisha sema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia ng'ambo ya ghuba tu.

Aliyenichagua alikuwa mwanamke wa Burundi, Konsolata, mwandishi wa Kirundi ambaye naye hakuwa na wa kumchapishia. Mfuko ukatukubali. Akaja kwa njia ya Uvira, akashuka Baraka amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, na kabla hata ya kunawa akaniambia, "Kaka Wilondja, hatutaandika neno kabla hujanipeleka kwa mama."

Nikamwambia ziwa limechafuka. Akasema atangoja litulie. Nikamwambia mtumbwi wa mota umeharibika. Akaenda mwenyewe pwani kuulizia, akapata miwili. Sasa nilijipa moyo namna hii: saa zile mama huwa shambani kwenye mihogo, basi nitamwonyesha mgeni kaburi la babu, tuombe, turudi upesi. Unaona, mwanangu, uongo mmoja ulivyoanza kuniomba wenzake.

Nilichosahau ni kwamba usiku uliotangulia wavuvi walikuwa wamebahatika. Kijiji kizima hakuna aliyekwenda shamba, wote walikuwa pwani na ndagala.

Konsolata alishuka majini akiwa amekumbatia kitambaa cheupe alichokitarizi maua kwa mkono wake. Wa kwanza kumkuta alikuwa mama mmoja mzee mwenye magamba ya samaki mikononi. Akapiga goti mbele yake.

"Poleni sana, mama. Nimemletea marehemu kitambaa hiki, kwa ajili ya msalaba wake."

"Marehemu nani, mutoto wangu? Hapa kwetu hakuna muntu alikufa."

"Mama yake Wilondja."

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyekuwa bado na mguu mmoja ndani ya mtumbwi. "Mama Wilondja njo mi huyu," akasema.

Nilitamani ziwa linimeze. Wanawake wote wa pwani waliacha kazi. Mama akajifuta mikono kwenye kitenge chake, polepole, akanisogelea.

"We Wilondja. Banasema nilikufa. Nani aliniua?"

"Ni mimi, mama. Niliandika."

"Juu ya nini?" akauliza, akitaka sababu.

"Bale batu ba mufuko banapenda huruma," nikajibu, maana mbele ya mama Kiswahili cha darasani kilinikimbia.

Hakupaza sauti. Heri angenipiga. "Mi nilikupa hadisi zangu zote, bila kukufichaka hata moja. Na we ukaona mi muzima siko kitu? Mupaka nikufe njo nikufae?"

Konsolata naye alikuwa ameketi mchangani, kitambaa mapajani. Aliponitazama hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. "Wangu alikufa kweli," akasema. "Nilisoma barua nyingi. Yako niliichagua kwa sababu hiyo tu. Nipatie mtumbwi nirudi."

Lakini mtumbwi ulikuwa umeshaondoka, na mwingine haukuwapo mpaka kesho yake. Namshukuru Mungu kwa mtumbwi ule kuliko kwa mingi niliyoiwahi. Kwa kuwa mama, akiwa na hasira au hana, mgeni hakosi kula kwake. Alisonga bugali, akakaanga samaki wa mikeke, na Konsolata alipoonja akasema kwao huipika vilevile. Mama akamuuliza kwao wapi, na mama yake aliitwa nani, na alikuwa akimwimbia nini. Walianza hivyo. Hadithi ya kwanza mama alimsimulia wakati wanaosha sahani, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kibembe, na Konsolata akamjibu kwa nyingine ya Kirundi. Mimi nilichota maji. Hakuna aliyenikaribisha kwenye mazungumzo, na nilistahili.

Asubuhi mama alikikuta kitambaa kimeachwa mkekani, akanipa nimrudishie mgeni, halafu akaghairi, akampa mwenyewe. "Kichunge. Siku yangu ikifika, utaniletea. Lakini usiende mbio." Kisha akanigeukia. "Na we, andikia bale batu. Ubaambie mama yako alifufuka."

Nilimwomba tuache tu, kitabu kingeharibika, mfuko ungetukata, na Konsolata naye angepoteza nafasi yake kwa kosa lisilo lake. Konsolata akasema yeye yuko tayari kupoteza. Basi nikaandika barua palepale juu ya goti, na mama akakataa niitume kabla ya kumsomea kwa sauti. Nilisoma neno kwa neno, nikitafsiri. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ongeza kama meno yangu iko yote." Nikaongeza.

Jibu lilichelewa, nami nilikonda. Lilipofika, mama mmoja wa mfuko, ambaye sijapata kumwona kwa macho, alisema hawawezi kuliendeleza ombi lililosimama juu ya uongo, wanalifuta. Aliongeza kwamba mwaka unaofuata mlango utakuwa wazi kwa yeyote, pamoja nasi. Na chini kabisa aliuliza: mama yako anajua hadithi ngapi? Nimeomba baraka nyingi kwa ajili ya mama yule. Angeweza kunifungia milele, nisingemlaumu.

Konsolata aliniandikia sentensi moja: "Nitangoja, lakini namngoja mama, si wewe." Akangoja mwaka mzima. Tuliomba upya, safari hii mama akiwa hai kwenye kila ukurasa, mkorofi kama alivyo, na tukakubaliwa. Kitabu kikatoka kwa Kibembe, Kirundi na Kiswahili, jina la mama likiwa la kwanza. Tulipokisoma Baraka, kwenye jumba la kanisa, mama alikaa mbele, akanikatiza mara mbili mbele ya watu kwa sababu nilikuwa nimekosea. Sijawahi kuona fahari kama ile.

Alikaa nasi miaka mingi baadaye, akaenda akiwa amelala nyumbani mwake. Siku ya tatu mtumbwi ulitia nanga, akashuka Konsolata, naye ana mvi sasa, amekumbatia kitambaa kilekile cheupe. Akasema, "Sikwenda mbio, mama." Akakifunga msalabani kwa mkono wake, na hapo ndipo nilipolia machozi ya kweli.

Sasa nirudi kwako, mwanangu. Juzi uliniletea fomu yako, ukaniomba niiongezee uchungu kidogo. Nimeisoma. Umeandika kwamba baba yako hajui kusoma na kwamba ulikulia katika nyumba isiyo na kitabu. Mimi namjua baba yako. Ndiye anayewasomea wakimbizi wa mtaa wenu barua zao, na kitabu cha nyimbo cha nyumba ile kimeshonwa kwa uzi mara tatu. Hiyo ndiyo hadithi, nawe umeitupa nje ya mlango ukatafuta umaskini wa kuazima.

Uombe, usione haya kuomba. Kuna watu wema huko mbali, na mimi ni shahidi wao. Lakini usimtaje mtu kwa namna usiyoweza kumsomea uso kwa uso. Fomu yako nakurudishia bila kuigusa. Nenda nayo kwa baba, keti karibu naye, umsomee yote kwa sauti. Ukimaliza, uje na ile mpya.

Mungu akupe mwenzi wa kalamu mwenye subira kama niliyepewa mimi. Akupe msomaji wa mbali mwenye moyo wa kuuliza swali moja la ziada. Na wazazi wako awaweke, wakae mbele siku utakayosoma, wakukatize ukikosea.