Mchimba Kaburi Kwenye Sinia

Kisauni nzima yamjua mchimba kaburi: ni mzima wa akili mpaka pilau ipakuliwe. Akifa mtu, mchimba huitwa "mzee" kwa adabu, naye huchimba huku akisemasema peke yake, na akipumzika, vidole vyake huchezea kifungo cha shati. Chakula kikija amekuwa mwenda wazimu, hupewa chake kwenye kopo, nyuma ya jiko. Katika hitima ya mamake Salem, akanawa mikono, akaketi kwenye sinia. Watu watatu wa sinia hiyo, waliokuwa wakihubiri Uhuru na usawa tangu asubuhi, wakainuka. "Salem, mtoe huyu, ana mashetani!" Salem alikuwa amechoka kulia, na sasa amechoka nao. Akaketi kando ya mchimba kaburi, akamega tonge. "Bismillahi, mzee." Masinia mengine yote yalikuwa yamejaa watu. Mchimba kaburi akawatazama wale watatu waliosimama. "Ketini, wanangu," akasema, "chakula chapoa."