Kikohozi Kwenye Bomba la Uani

Nimelea wajukuu sita hapa Kihesa bila kuomba mtu chumvi, lakini mwaka huu wa ukame bomba limeniumbua. Acha niseme mwenyewe kabla jirani hajawasimulia.

Maji yalifunguliwa asubuhi tu, na tulitangaziwa kuwa atakayemwagilia bustani atakatiwa bomba. Jumamosi mchana, jua kali, hakuna jani linalotikisika, nilifungua koki nikitafuta japo tone. Bomba likakohoa. Kuku wakanyamaza. Likakohoa tena, kisha likavuta pumzi ndefu, vilevile kama marehemu mume wangu siku ile ya mwisho. Nikapiga magoti, nikamnyunyizia unga wa ulezi kama tunavyowatambikia wafu wetu, nikamwamkia, "Kamwene, baba."

Likaguna.

Koki sikuifunga. Nani anamziba mumewe pumzi?

Jumapili nikaenda kanisani. Kurudi, maji yametapakaa hadi kwenye maharage, mita inazunguka kama imerogwa, na bwana maji kasimama na spana, majirani wamejaa uani.

"Bibi, umemwagilia bustani."

"Mume wangu yumo humo! Jana nimemsikia kwa masikio yangu!"

"Hiyo ni hewa, bibi. Maji yakikatika, mabomba yote ya mtaa yanakohoa."

Akaanza kulikata bomba langu, wajukuu wakitazama. Mama Tumaini, jirani yangu mjane, akashika kiuno.

"Kumbe ndiye yeye, dada? Mbona kwangu anakohoa kila mchana tangu mwezi uliopita?"