Kisanduku Kilichotumalizia Maneno

Tovuti ya ndani ya kampuni tuliifungua kila asubuhi, kabla hata ya chai. Tulikuwa ofisi ndogo ya kununua kahawa pale Omurushaka, na makao makuu yalikuwa mbali. Waliyotaka tuyajue waliyaweka humo: fomu za likizo, matangazo, picha za sherehe ambazo hatukualikwa. Wengi wetu tuliingia, tukatazama picha, tukatoka.

Siku ile aliyeniita ni mwenzangu wa meza ya jirani, mama kutoka Kihanga aliyeshika uhasibu.

"Kaka, hebu njoo uone."

Alikuwa akitafuta matangazo ya tawi letu. Kile kisanduku cha kutafutia kilikuwa na tabia ya kukumalizia maneno, kwa kufuata yale yaliyoandikwa sana na wafanyakazi wengine. Alikuwa ameandika "Omurushaka" tu. Chini yake yakatokea: "Omurushaka kufungwa."

"Umeandika wewe hayo?" nikamuuliza.

"Mimi? Labda wewe!"

Tukaulizana ofisi nzima. Kila mmoja aliapa. Basi walioyaandika walikuwa kwingine, watu tusiowajua, tena wengi kiasi cha mtambo kuyazoea.

Tukaenda kwa meneja, mzee mpole kutoka Kaisho.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba." Tukamweleza tulichokiona. "Aa, hayo ni mambo ya mitambo tu. Rudini kazini."

Alicheka. Lakini nilipogeuka mlangoni nilimwona akivuta kibodi karibu. Baadaye alitoka, akapita bila kututazama, akasimama uani akiyakodolea macho magunia. Nikajua naye hakuwa ameambiwa.

Tangu hapo niliandika jina la tawi kila nikipata nafasi, nikafuta, nikaandika tena.

"Acha, kaka," mama wa uhasibu alininong'oneza. "Unaliita jambo lenyewe."

Sikuacha. Maneno yaliongezeka: "Omurushaka nani anabaki."

Kisha wakaja wageni wa makao makuu. Walikunywa chai yetu, wakasifu ndizi, wakapima vyumba kwa futi ya chuma. Hawakusema kitu, nasi hatukuthubutu kuuliza.

Jumatatu iliyofuata tovuti ilikataa nywila zetu zote. Tulikuwa bado tumekaa mbele ya skrini lori tupu la kampuni lilipoingia uani kinyumenyume. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alivuka, akamuuliza meneja nani atanunua kahawa yao, wakulima wa pale, msimu huu.

Meneja alikuwa ameshika kofia mkononi. Akaivaa, akaenda kumwelekeza dereva wa lori.